Mwanafunzi Mpya Anahitaji Mwenyeji

Kila mwaka, miezi ya Agosti na Septemba inapowadia, vyuo vikuu vyetu hufungua malango kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na magazeti huchapisha picha zile zile: mzazi aliyejitwika godoro, msichana aliyekumbatia faili ya vyeti, mlolongo mrefu mbele ya dirisha la msajili. Siku zinazofuata huitwa wiki ya maelekezo. Mgeni huonyeshwa maktaba, zahanati, ukumbi wa chakula na uwanja wa michezo. Husomewa kanuni, husikiliza hotuba ya naibu chansela na ya mkuu wa masuala ya wanafunzi, hupigwa picha ya kitambulisho. Jumatatu inayofuata mihadhara huanza, na kila mtu huchukulia kwamba mgeni amekwisha kuelekezwa.

Sina ugomvi na wiki hiyo. Waandalizi wake ni watu wenye nia njema, na yapo mambo ambayo hayana budi kusemwa ukumbini mbele ya wote, kama vile kanuni za mitihani na mahali pa kukimbilia mtu akiugua usiku. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba wiki hii iliundwa kwa ajili ya mwanafunzi wa aina moja, na mwanafunzi huyo amekuwa adimu. Alifikiriwa yule aliyetoka mbali na sanduku lake la bati, akapewa chumba bwenini siku ile ile ya kwanza, akalala, akala na kuoga pamoja na wenziwe. Kijana anayetoka Kayole, Dandora, Umoja au Jericho asubuhi na kurejea huko jioni hakuwamo katika hesabu.

Tukumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa rasmi mwaka 1970, wanafunzi walikuwa wachache na serikali iliwabeba mabegani. Walikuwa na kitanda, chakula, na baadaye posho ambayo wao wenyewe waliibatiza jina la "boom". Katika hali hiyo wiki moja ya hotuba ilitosha, kwa kuwa mafunzo yenyewe hasa yalitolewa bwenini baada ya chakula cha jioni, na yaliendelea miaka mitatu. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1987 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo ili kupunguza msongamano wa waliokuwa wakingoja. Mwaka 1990 vikapokea kwa pamoja kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4. Mwaka 1991 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzazi akaanza kuulizwa karo na pesa za chakula. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa na Bunge mwaka 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya kujilipia, yaliyokuja kujulikana kama masomo sambamba, na madarasa yakajaa watu wanaokuja jioni na kuondoka usiku.

Sasa hesabu ni kubwa zaidi. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walipata gredi ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kipimo cha kuingia chuo kikuu. Hakuna nchi ya kiasi chetu iwezayo kuwajengea vitanda watu wa idadi hiyo kila mwaka. Na juu ya kitanda, iko karo yenyewe. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, wa kuwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, uliwafanya wengi kufika chuoni wasijue wanadaiwa kiasi gani; Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauamua kuwa kinyume cha Katiba, na mvutano ukahamia Mahakama ya Rufaa. Mwanafunzi mpya huyasikiliza maelekezo sikio moja, sikio la pili likingoja ujumbe wa simu kuhusu mkopo.

Basi kitanda kinapokuwa haba, nani hunyimwa kwanza? Mtoto wa Nairobi. Huambiwa: wewe kwenu ni hapa hapa, jiji unalijua, mwachie nafasi aliyetoka Turkana au Kwale. Hoja hiyo ina haki ndani yake na siipingi. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba Nairobi ni mji mmoja, na kila mkaazi wa Eastlands ajua kwamba sivyo. Kijana aliyezaliwa Dandora anaijua Nairobi ya Dandora. Anaijua Barabara ya Outering, soko la Gikomba na Kariobangi ya mafundi. Anaweza kumaliza kidato cha nne bila kupita hata mara moja katika malango yaliyo upande ule mwingine wa jiji, penye miti na nyasi zilizokatwa, ambako siku ya kwanza askari wa langoni atamtaka aeleze anakokwenda.

Hebu tuufuate mwendo wake wa wiki hiyo. Aamka saa kumi na moja alfajiri, maana familia ya watu sita katika vyumba viwili ina foleni yake ya bafu. Apanda matatu, akiwa wa Buruburu ni namba 58, akiwa wa Eastleigh ni namba 9, akwama barabarani pamoja na watu wote wa mashariki ya jiji. Afika ukumbini hotuba ya pili ikiendelea. Saa tisa alasiri shughuli rasmi huisha, naye huanza kupima: akikaa hadi saa kumi na mbili, nauli itapanda na giza litamkuta njiani. Aondoka. Huku nyuma, saa moja usiku, wale walio mabwenini hukaa vitandani na kuanza kuambizana mambo ambayo hayakusemwa ukumbini: ni mhadhiri gani asiyevumilia anayechelewa, ni duka gani linalotoa fotokopi kwa bei nafuu, kozi husajiliwa kwenye tovuti ya chuo kabla ya tarehe gani, ukikosa mtihani mdogo wa muhula umwandikie nani barua. Kesho yake kijana wetu aijua maktaba iliko, na hayo mengine hayajui.

Hayo mengine ndiyo yanayowaangusha watu. Kwa muda niliokaa na wanafunzi nimeona wachache mno wanaoshindwa kwa sababu akili haikutosha. Wengi zaidi huteleza katika jambo dogo la muhula wa kwanza: kozi haikusajiliwa, jina halimo katika orodha ya mtihani, na kijana anadhani kwamba amefukuzwa. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo hutatuliwa kwa barua moja, wala kwamba mtu akizidiwa na karo anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja na nafasi yake ikabaki. Hukaa kimya. Huendelea kuvaa vizuri kila asubuhi na kupanda matatu ili mamake asijue. Mamake naye, ambaye pengine hakupita darasa la nane, hana swali la kumwuliza ila, "Masomo yaendeleaje?" na jibu la swali hilo ni lile lile siku zote.

Baadhi hujaribu kuikwepa safari kwa kujibanza usiku katika chumba cha rafiki aliyebahatika kupata kitanda. Desturi hii ni ya zamani mabwenini, na wanaoifuata huitwa "mapaireti", yaani maharamia. Wasimamizi huwasaka. Mimi nawaelewa, kijana hataki kitanda tu, ataka yale mazungumzo ya saa moja usiku.

Hapo ndipo nafika kwenye neno nililolitia katika kichwa cha makala hii. Mgeni anaweza kupewa ramani, vitabu vya kanuni na hotuba hamsini, na bado akapotea, iwapo hana mwenyeji. Mwenyeji si mwalimu wala msimamizi. Ni mtu aliyetangulia kidogo, anayekujua jina, asiyechoka kuulizwa swali la kijinga.

Na hapa Eastlands ina historia ambayo wakaazi wake wa leo wameanza kuisahau. Mitaa hii ilijengwa na wageni. Pumwani iliyotengwa kuwa makao rasmi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo iliyofuata, Muthurwa ya wafanyakazi wa reli, Kaloleni ya miaka ya arubaini: zote zilikuwa malango ya jiji. Mtu alishuka kwenye gari la moshi akiwa na jina moja tu kichwani, la ndugu au la jirani wa kijijini. Mwenye jina hilo alimlaza sakafuni, akamwonyesha njia ya kiwandani, akamweleza askari walisimama wapi kukagua kipande, akamfundisha Kiswahili cha kununulia maziwa. Asiyekuwa na mwenyeji alikuwa hatarini. Marehemu Marjorie Oludhe Macgoye aliliona jambo hilo vyema. Katika riwaya yake Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986, msichana mgeni anapotea akitoka hospitalini kurudi katika chumba cha mumewe Pumwani, na mwendo ambao mwenyeji angeumaliza kwa muda mfupi unageuka kuwa balaa ya siku kadhaa.

Vyama kama Luo Union na vinginevyo vya watu wa sehemu moja moja vilikuza desturi hiyo. Vilizika wafu, vilisafirisha wagonjwa, vilichangia karo. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa mwakilishi wa Nairobi katika baraza la kutunga sheria na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kamukunji hadi alipouawa mwaka 1969, alipanga safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Karo nyingi na nauli ndogo ndogo zilichangwa katika karamu za chai na ngoma. Tunaikumbuka ndege ile kwa sababu ya majina makubwa yaliyotokana na mpango huo, lakini mimi hupenda kuikumbuka kwa jambo dogo: hakuna aliyepanda bila watu nyuma yake waliojua anakwenda wapi, anarudi lini, na wanamdai nini.

Serikali nayo iliwahi kujaribu kazi hii, kwa namna yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1984 ikaamriwa kwamba kila anayeingia chuo kikuu apitie kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na watu wakapelekwa Gilgil kukimbia alfajiri, kuchimba mitaro na kupigiwa filimbi. Mkurugenzi wa Huduma hiyo wakati huo alikuwa Geoffrey Griffin, yule yule aliyeanzisha kituo cha wavulana cha Starehe mwaka 1959 katika vibanda viwili vya mabati, mahali ambapo mtu wa Eastlands hupaona kila siku akielekea mjini. Wengi walisema kwamba nia ilikuwa kuwafuga wanafunzi, na huenda walisema kweli. Kama nia ilikuwa hiyo, haikutimia: Februari 1985 askari waliwavamia wanafunzi wa Nairobi waliokusanyika uwanjani, na Novemba 1987 chuo kikafungwa tena. Mpango wenyewe uliachwa miaka ya tisini ilipoanza.

Lakini waulize waliopita Gilgil. Watakutajia ukali wa makamanda kwa dakika moja, kisha watakutajia majina ya waliolala nao hema moja kwa saa nzima. Mtoto wa Bahati aliingia chuoni akiwa tayari anawajua Mbajuni wa Lamu, Mkisii na Msabaoti. Bila kukusudia, amri ya kijeshi ilimpa kila mmoja wenyeji thelathini. Sipendekezi filimbi zirudi. Nasema tu kwamba tuliondoa mitaro na hatukuweka kitu mahali pa lile hema.

Nani basi humpokea mwanafunzi mpya leo? Nafasi ya mwenyeji haikai tupu. Wa kwanza langoni ni vikundi vya dini, na kwa haki nawapongeza; wao hubeba masanduku, huandika namba za simu, hupika chai. Wa pili ni wanasiasa wa chama cha wanafunzi, ambao tabasamu lao hudumu hadi siku ya kura. Wa tatu ni wauzaji wa kila kitu, pamoja na matapeli wanaopokea kodi ya vyumba visivyokuwepo. Na wako wa nne. Katika vyuo vyetu vingi wavulana wa miaka ya juu wana jina la msimu huu: huuita msimu wa kukimbilia dhahabu. Dhahabu ni wasichana wa mwaka wa kwanza. Huonyeshwa njia, hubebewa mzigo, hununuliwa chakula, hufundishwa kusajili kozi, yaani hufanyiwa yote ambayo mwenyeji mwema angefanya. Kisha deni huletwa.

Msichana aliyetoka mtaani bila kumjua mtu yeyote chuoni hana njia ya kumtambua mwema na mwindaji, kwa sababu wiki ya kwanza wote wawili hutenda sawasawa. Tofauti huonekana wiki ya tano. Walimu wa kike wanaosoma safu hii wanajua kwamba sizungumzi juu ya utani. Wanajua ni wangapi hurejea mtaani kabla ya mwaka kwisha, wakiwa na mtoto mgongoni na masomo yamesimama. Onyo la dakika kumi ukumbini haliwezi kushindana na mtu aliyekubebea sanduku. Linaloweza kushindana naye ni msichana mwingine, wa mwaka wa pili au wa tatu, mliyekua naye mtaa mmoja, aliyefika mapema kulibeba sanduku hilo.

Lipo kundi la tano la wapokeaji, nalo lastahili kutazamwa kwa makini. Ni vyama vya wanafunzi wa wilaya moja au kaunti moja. Chama cha SONU kilipopigwa marufuku mwaka 1987, vyama vya wilaya vilistawi, na wanasiasa wa miaka iliyofuata walijua kuvitumia. Vingine hufanya kazi nzuri ya kuwapokea wageni wao. Sasa mlete hapo kijana wa Eastlands. Aulizwa, "Kwenu ni wapi?" Ajibu, "Umoja." Aambiwa, "Hapana, kwenu hasa."

Swali hilo humnyima raha. Kwao hasa, kwa maana wanayoitaka wenye chama, ni mahali alipokwenda Krismasi mbili na mazishi matatu. Lugha ya huko aisikia kidogo na kuisema vibaya. Lugha aliyokulia ni Kiswahili cha mtaani na Sheng, ambayo ilizaliwa katika mitaa hiyo hiyo. Akikubali kupokewa na chama cha wilaya, ajifunza kuwa mtu wa kabila kabla ya kujifunza kuwa mwanafunzi. Akikataa, hana wa kumpokea. Kule nyumbani, katika ploti aliyokulia, mlango wa kulia ni Mkamba, wa kushoto ni Mluhya, wa juu ni Msomali, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwao hasa. Ni msiba mkubwa kwamba kijana atoke katika mtaa ambao umekwisha kulitatua tatizo la taifa, kisha chuo kikuu, kilicho mahali pa elimu, kimrudishe nyuma.

Ndiyo maana nasema mtaa wenyewe uwe mwenyeji. Ukaribu wa mtaa hauna kabila, na hauulizi swali la pili.

Wakati upo. Matokeo ya KCSE hutangazwa Januari, wakati mwingine mapema kidogo. Kuripoti chuoni ni Agosti au Septemba. Katikati pana miezi saba au minane ambayo ni mizito kuliko mingine yote katika maisha ya kijana wa Eastlands. Ana gredi lakini hana kazi. Walimu hawana tena mamlaka juu yake, na chuo hakijamjua. Baadhi huuza nguo Gikomba, na hao Mungu awabariki, maana hujifunza hesabu ambayo shule haikuwafundisha. Baadhi hukaa ukutani. Simu za kamari ya kandanda huwafuata hapo ukutani, kisha huandamana nao hadi chuoni na kungoja pesa za mkopo. Starehe wana desturi ya kuwatuma wanaomaliza kidato cha nne wakajitolee kazi katika shule na ofisi mbalimbali kabla ya kwenda vyuoni. Shule nyingine za mitaa yetu, kama Ofafa Jericho, Aquinas, Eastleigh, Pumwani au Buruburu Girls, zinaweza kufanya jambo dogo zaidi kuliko hilo na likatosha.

Mwalimu wa kidato cha nne aweke daftari. Ndani yake aandike kila mwanafunzi wake wa zamani aliyeingia chuo: chuo gani, kozi gani, mwaka gani, anakaa mtaa gani. Kazi hiyo haihitaji kibali cha wizara wala semina. Orodha ya wateule ikitoka, amtafutie kila mteule mpya mtu mmoja katika daftari. Asimsahau anayekwenda chuo cha kiufundi. Huyo ni mgeni vile vile, na mara nyingi ndiye anayepokewa na watu wachache zaidi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kwenye Barabara ya Haile Selassie, ambacho zamani kilikuwa Kenya Polytechnic na kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2013, kiko karibu na Muthurwa kiasi kwamba kijana wa Shauri Moyo aweza kwenda kwa miguu. Na wengi wa wanafunzi wake hutoka majumbani mwao kila asubuhi. Kama kuna mahali ambapo mtaa na chuo vingepaswa kujuana, ni hapo.

Na mahali pa kukutana pia papo. Halmashauri ya jiji la kikoloni, pamoja na ubaya wake wote, ilijenga kumbi za jamii katika mitaa hii. Ukumbi wa Kaloleni ulisikia hotuba za siasa wakati ambapo Waafrika hawakuwa na bunge. Leo siku nyingi kumbi hizi hukodishwa kwa arusi na ibada, na hilo si kosa, ila Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili kaunti yaweza kuutoa ukumbi bure. Maktaba nazo zipo mbili, ya Kaloleni na ya Makadara, zote matawi ya McMillan, ile maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya hivi karibuni shirika la Book Bunk limezikarabati zote mbili kwa ushirikiano na kaunti. Mwanafunzi anayeishi na watu sita katika vyumba viwili ahitaji meza kuliko ahitajivyo hotuba. Meza iko Makadara, karibu na nyumbani, na ni aibu kwamba wengi huijua maktaba ya chuo wiki ya kwanza na kuipita ya mtaani miaka minne.

Siku hiyo ya Aprili isiwe ya hotuba. Wabunge wakija, wakaribishwe chai na waombwe wakae na wengine. Waliotangulia wakae na wageni wao wawili wawili, wajaze pamoja fomu za HELB, maana fomu hiyo ina maswali juu ya mapato ya mzazi ambayo mtoto wa mchuuzi hajui kuyajibu, na kosa dogo hugharimu mkopo wa mwaka. Wazazi nao waje. Mama akishamwona kwa macho yake yule atakayekuwa na mwanawe, atakuwa na mtu wa kumpigia simu siku atakapoona uso wa mwanawe umebadilika.

Kisha wiki moja kabla ya kuripoti, mwenyeji ampeleke mgeni wake chuoni kwa safari ya majaribio, kwa matatu ile ile na saa ile ile atakayoitumia mwaka mzima. Wapite langoni. Waende mpaka kwenye jumba la idara yake, si kwenye jumba la utawala tu. Amwonyeshe mahali pa kula kwa bei ya mwanafunzi, kituo cha matatu kilicho salama saa moja usiku, na mlango wa ofisi ambayo barua za matatizo hupelekwa. Gharama yake ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi.

Vyuo navyo visaidie kwa jambo moja. Katika ratiba ya wiki ya maelekezo viweke saa moja ya mchana kwa wasiolala bwenini, na viwape chumba cha kukaa kati ya mihadhara, chenye viti na soketi ya umeme. Chumba cha namna hiyo, kama kikiwapo, kitayazaa yale mazungumzo ya saa moja usiku hata kama ni saa saba mchana. Na mkuu wa masuala ya wanafunzi, anapoandika orodha ya wageni, aongeze safu moja ndogo baada ya kaunti: mtaa unaokaa. Akiipanga orodha hiyo kwa mitaa, atagundua kwamba Kayole pekee ina watu wa kujaza basi.

Nawe mwanafunzi wa mwaka wa pili unayesoma haya ndani ya matatu, umeshayasahau maswali uliyokuwa nayo mwaka jana kwa sababu leo yote unayajua. Pana mtu katika ploti yenu, au ploti ya pili, ambaye barua yake imekwisha kufika. Mwulize ameitwa chuo gani, na anaripoti tarehe ngapi.